Dakika 10 Mbele ya Ua la Mbilingani

Mwaka 2017 Uingereza ilianza mpango wa kitaifa wa kufuatilia wachavushaji, yaani wadudu wanaohamisha chavua kutoka ua hadi ua, na sehemu ya kazi hiyo ikakabidhiwa wananchi wa kawaida wasio na shahada yoyote ya elimu ya wadudu. Njia waliyopewa ni nyepesi kueleza: mhesabuji huchagua mraba wenye upande wa sentimita 50 penye maua ya aina anayoilenga, huhesabu maua hayo, kisha kwa dakika 10 humwandika kila mdudu anayetua juu yake, akimwacha anayepumzika kwenye jani na anayepita angani. Njia hiyo imekwisha kuvuka mipaka hadi Brazili, Argentina na Chile, wala hakuna kinachomzuia mkulima wa Kajiado au mwanafunzi wa Morogoro kuitumia, kwa kuwa haidai zaidi ya saa, kalamu, karatasi na macho yaliyozoezwa.

Macho hayo hupotoshwa mapema na uvumi, na ulio sugu kuliko wote ni ule unaosema kwamba mchavushaji ni nyuki wa asali basi. Wanasayansi wamekwisha kueleza zaidi ya spishi 20,000 za nyuki duniani, na nyuki wa asali anayefugwa Afrika Mashariki ni spishi moja tu kati ya hizo. Wengi wa waliobaki hawaishi katika makundi wala hawaweki asali; kila jike hujitengenezea kiota chake ardhini, ndani ya shina kavu au kwenye boriti. Nje ya ukoo wa nyuki wamo nzi, vipepeo, nondo, mbawakawa na nyigu. Ndiyo maana ujumbe usiokoma kuzunguka kwenye simu, unaodai kwamba Albert Einstein alitabiri binadamu kutoweka miaka minne baada ya nyuki, unastahili kufutwa kila unapofika: hakuna ushahidi kwamba mwanafizikia huyo aliyasema hayo, na nafaka kuu hazimngoji mdudu, kwani mahindi huchavushwa na upepo, huku mpunga na ngano zikijichavusha zenyewe kwa sehemu kubwa. Walio hatarini hasa ni walaji wa matunda na mboga, vyakula vinavyowapatia vitamini A na C, na ukubwa wa hatari hiyo hauwezi kujulikana pasipo hesabu za msimu baada ya msimu.

Mbilingani unaonyesha jinsi uvumi kwamba nyuki wa asali ndiye mchavushaji pekee unavyoficha kazi yenyewe. Ua lake halina nekta, na chavua imefungiwa ndani ya mirija ya manjano iliyosimama pamoja katikati ya ua, kila mrija ukiwa na vitundu viwili tu kwenye ncha, mfano wa kichupa cha chumvi. Nyuki wa asali hajui kukitikisa kichupa hicho. Anayejua huikumbatia mirija kwa miguu, huiuma kwa taya upande wa chini ili asidondoke, hukunja mabawa mgongoni, kisha hutetemesha kifua bila kuruka. Hilo linawezekana kwa sababu misuli mikuu ya kurukia haikushikizwa kwenye mabawa yenyewe. Imeshikizwa kwenye kuta za kifua, seti moja ikipita toka mbele hadi nyuma na nyingine toka juu hadi chini. Seti moja inapojikunja hubadilisha umbo la kifua na kuivuta ile ya pili, na kule kuvutwa kwenyewe huiamsha ya pili nayo ijikunje na kuivuta ya kwanza, hata ishara moja ya neva ikatosha kuzaa mikunjo kadhaa. Mabawa yakiwa yametulia, nguvu hiyo huingia kwenye ua kama mtetemo wa mara mia mbili, mia tatu au zaidi kwa sekunde. Chavua hurukaruka ndani ya mrija, hutoka vitunduni kama moshi mwembamba, na kunasa kwenye manyoya ya tumbo la nyuki kwa msaada wa chaji ya umeme ambayo mdudu huipata akiwa angani. Anayehesabu kwa makini hulitambua tukio hilo hata kwa sikio, kwa kuwa mvumo wa kuruka hukatika ghafla na mahali pake husikika mlio mfupi, mwembamba, wa juu zaidi.

Utafiti wa Barbara Gemmill-Herren na mwenzake, uliochapishwa mwaka 2008 kutokana na mashamba ya Nguruman kusini mwa Kenya, uliwataja wanaofanya kazi hiyo kuwa ni nyuki wa mwituni, wakiwemo Xylocopa caffra na Macronomia rufipes, ambao hutegemea pia mimea ya porini iliyo jirani na shamba. Huyo Xylocopa ndiye nyuki mkubwa anayetoboa mbao za paa, na ambaye wengi humpiga kwa fagio wakiamini kwamba ana sumu ya kuua. Jike lake ni jeusi lenye mikanda ya njano au nyeupe. Dume ni la manjano yenye ukijani mwili mzima, hata wanaoanza huwaandika kama wadudu wa aina mbili, na dume hilo linaloogopwa sana kwa kumvamia mtu usoni halina mwiba kabisa.

Kosa jingine la kawaida ni kumwandika nzi wa maua kama nyuki au nyigu. Nzi huyu amevaa mistari ya njano na nyeusi inayowahadaa ndege, ilhali hawezi kumdunga yeyote. Nyuki ana mabawa manne, ya mbele yakiwa yameshikana na ya nyuma kwa kulabu ndogo sana. Nzi ana mawili, na badala ya jozi ya pili ana vijiti viwili vyenye vichwa kama rungu, vinavyomjulisha mwili unageukia upande gani. Kwa kuwa mabawa ni magumu kuhesabiwa, hutazamwa kichwa: papasi za nyuki ni ndefu na zimepinda kama kiwiko, za nzi wa maua ni fupi mno, na macho yake hujaza karibu kichwa kizima. Nyigu naye hujulikana kwa kiuno chembamba na mwili unaong'aa usio na manyoya mengi.

Kumweka mdudu katika kundi lake kunatosha. Programu za simu zinazojigamba kutaja spishi ya kila nyuki kwa picha moja zinaahidi zisichokiweza, kwani spishi nyingi hutenganishwa kwa darubini tu. Wabaya zaidi kwa ahadi za uongo ni wanaouza chavua ya nyuki kama tiba ya kisukari, saratani na ugumba kwa pamoja. Tiba hiyo haijathibitishwa. Mwenye mzio anaweza kudhurika vibaya, na mgonjwa anayeacha vidonge vyake kwa ajili ya kijiko cha chavua anahatarisha uhai wake. Watu hao hawastahili kuitwa matabibu.

Hesabu ifanywe siku kavu isiyo na upepo mkali, mahali pasiponyunyiziwa dawa karibuni, na mdudu anayehama ua hadi ua ndani ya mraba ahesabiwe mara moja. Sifuri iandikwe na kutumwa kama ilivyo, kwa sababu watu wakituma karatasi zilizojaa pekee, upungufu wa wadudu hautaonekana kamwe. Baada ya dakika 10 kupita bila mgeni, inafaa kuinama na kuchungua sehemu ya chini ya mirija ya manjano ya ua la mbilingani: vidoa vya kahawia vinaweza kuwa alama za taya za nyuki aliyetangulia kufika asubuhi. Vidoa hivyo huandikwa kwenye nafasi ya maelezo, na sifuri hubaki sifuri.