Chumvi ya kuyeyusha mabua

Chumvi ya jikoni inayeyuka kwenye digrii 801. Ziko chumvi nyingine, za laboratwari, zenye kuwa majimaji hata chini ya digrii 100. Huko Emeryville, California, mtafiti Mama Seema Singh na wenzake walizijaribu kwa majani makavu na mabua. Ndani ya bua, lignini inashika sukari kama gundi. Chumvi ile inalegeza gundi, enzimu zinakata nyuzi ziwe sukari, chachu inageuza sukari kuwa pombe ya kuendesha motokari. (Wapika lotoko wanaijua hatua hiyo!) Mahindi yenyewe yanabaki kwa watoto. Shida ni bei: chumvi hizo ni ghali. Mwaka 2014 timu yao ilionyesha kwamba zinaweza kutengenezwa kwa lignini ileile.