Yaseme kabla ya barua ya posa

Utamkuta kijana aliyekulia Yanga, jezi za kijani na njano zimejaa kabatini, lakini siku ya dabi ya Kariakoo yuko Uwanja wa Mkapa na jezi nyekundu kwa sababu mchumba wake ni Simba. Marafiki watamtania wiki nzima, basi. Klabu hizo ni watani wa jadi tangu miaka ya 1930, na nyumba nyingi za Dar es Salaam zina mashabiki wa pande zote mbili, wanalala salama.

Kwenye mapenzi, kujirekebisha hakukwepeki. Kijana wa Moshi anayeposa Tanga atavua viatu mlangoni, atashika adabu ya ukweni na kumwachia mshenga maneno. Wahenga walishasema, ukifika kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Anayegoma hata kwa hayo, eti "mimi ndivyo nilivyo", asijisifu kwamba ana msimamo. Huo ni ukaidi, na ukaidi haujengi nyumba.

Shida huanza mtu anapofumba macho yote mawili. Anataka watoto, lakini kwa kuogopa kuachwa anasema hana haraka nao. Anaahidi kuacha kazi baada ya harusi huku moyoni ana mpango wa kumshawishi mwenzake baadaye. Anakubali kubadili dini ambayo hajawahi hata kuuliza habari zake. Akiulizwa kuhusu mke wa pili, anacheka na kuhamisha mazungumzo.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Mark Snyder, alitoa mwaka 1974 kipimo cha kuwatofautisha watu wanaojigeuza kufuata hadhira na wale wanaofuata yaliyomo moyoni mwao. Mwaka 1984, yeye na Jeffry Simpson wakachunguza wanafunzi wa chuo na mapenzi yao. Wale wa kujigeuza ndio walioonekana wepesi zaidi kubadili mpenzi. Nami sishangai: anayeweza kuwa yeyote kwa yeyote, ana lipi la kumfunga kwa mmoja?

Hapa Tanzania Bara, kunyamaza kuna gharama ya kisheria pia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya hiari, na ridhaa iliyopatikana kwa vitisho au udanganyifu haihesabiwi kuwa ya hiari. Sheria hiyo haimlazimishi mtu kubadili dini ili aoe au aolewe. Mwislamu na Mkristo wanaweza kufunga ndoa bomani, kila mmoja na imani yake. Kuhusu idadi ya wake, ndoa ya Kiislamu au ya kimila huchukuliwa kuwa inaruhusu wake zaidi ya mmoja mpaka ithibitike vinginevyo. Nyingine huchukuliwa kuwa ya mke mmoja. Kuigeuza baadaye kunahitaji tamko la hiari la mume na mke, wote wawili. Yule aliyecheka na kuhamisha mazungumzo anaweza kukuta jibu limeshaandikwa siku ya ndoa yake.

Tena kwetu muda wa kusema ni mfupi. Barua ya posa ikishapokelewa na mahari kupangwa, wajomba na mashangazi wameshaingia, kamati ya harusi inachangisha, kadi ziko kwa mchapaji. Hapo kusema "mimi sikubaliani na hili" ni kuziaibisha koo mbili. Wengi humeza, wakaja kuyatapika ndani ya ndoa, watoto wakiwepo.

Wewe uliye kwenye uchumba leo, badili mapishi, badili ratiba, badili hata timu ukipenda. Lakini imani yako, watoto unaowataka, kazi yako na wazazi wanaokutegemea, vitaje waziwazi kabla barua haijaandikwa, na umsikilize mwenzako naye ataje vyake. Akiondoka kwa kuusikia ukweli huo, mwache aende kwa heshima. Ndoa hiyo isingedumu.