Nani Alimhoji Nani?

Chuo cha Utumishi wa Umma kina kampasi yake Magogoni, si mbali na Soko la Samaki la Feri. Mwanachuo anayekwenda pale kuwahoji madalali na wachuuzi, akikaa chini kuandika ripoti huona haya kusema "nilimhoji". Huandika "mtafiti alimhoji". Ameambiwa kwamba kujitaja ni kujitanguliza, na kwamba kazi ya kitaaluma haitaki mwandishi aonekane.

Naona mazoea hayo yanaiumiza kazi yake. Soma hii: "Mtafiti alimweleza dalali kwamba hakupata takwimu alizozihitaji." Nani hakupata? Nani alizihitaji? Kiambishi cha nafsi ya tatu kinamfaa kila mmoja wao. Andika "nilimweleza dalali kwamba sikupata takwimu nilizozihitaji" na utata umekwisha. Balaa huzidi katika mapitio ya maandiko: "mtafiti anadai" ni wewe, au ni yule uliyemnukuu aya iliyotangulia? Msahihishaji hapaswi kukisia.

Mwongozo wa uandishi wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, unaofuatwa katika vyuo vingi duniani, katika toleo lake la 7 la mwaka 2019 unataka mwandishi ajitaje kwa nafsi ya kwanza anapoeleza alichokifanya. Aliye peke yake asijiite "sisi". Mwongozo wa chuo chako ukiagiza vingine, ufuate, lakini basi sema "mtafiti wa kazi hii" kila panapoweza kuzuka shaka. Kukimbilia "ilibainika" hakusaidii: msomaji bado anataka kujua ilibainishwa na nani, kwa njia gani.

Kiswahili kina ngeli, na ngeli ni msaada mkubwa. Mnada "umechelewa", bei "imepanda": hapo huwezi kuchanganya. Tatizo ni viumbe hai, kwa kuwa watu na wanyama wote hupatanishwa kwa namna moja. Katika utafiti wa samaki hili ni jambo zito. "Wachuuzi huwabeba samaki hadi Kariakoo wakiwa wamelowa." Waliolowa ni wachuuzi au samaki? Kama ni samaki, andika "wachuuzi hubeba samaki waliolowa". Nayo "hu-" ya mazoea haibebi nafsi kabisa. Ukiandika "dalali akimkatalia mchuuzi bei, hupoteza mteja", aliyepoteza mteja hajulikani. Rudia nomino bila woga: "dalali huyo hupoteza mteja". Wengi hukwepa kurudia wakidhani ni udhaifu wa lugha, ilhali katika tasnifu kurudia kunakoondoa shaka ni uungwana kwa msomaji.

Kuna jambo moja zaidi, nalo hujitokeza katika ikisiri ya Kiingereza. "Yeye" wetu hatofautishi mwanamke na mwanamume. Kiingereza kwa kawaida hutofautisha. Mama lishe aliyezungumza nawe kwa saa nzima anaweza kugeuzwa mwanamume kwa neno moja la tafsiri. Kwa hiyo, kama jinsi ya mhojiwa ina uzito katika hoja yako, iandike tangu kwenye daftari la uwandani: "mchuuzi mwanamke", "dalali mwanamume". Rekodi ya Kiswahili, ikishanakiliwa kwa maandishi, haitakukumbusha.