Alama Tano za Wakili: Elimu Endelevu ya Sheria na Mteja wa Magogoni

Wakili hapewi ruhusa ya kazi mara moja ikamtosha hadi uzeeni. Kwa mujibu wa Sheria ya Mawakili, Sura ya 16 ya Sheria za Kenya, aliyekwisha kuapishwa na jina lake kutiwa katika orodha ya mawakili hana budi kuchukua cheti cha uwakili kila mwaka, na cheti hicho hukoma tarehe 31 Desemba. Makala haya yanakusudia kueleza sharti moja linaloandamana na cheti hicho, yaani elimu endelevu ya sheria, na kuonyesha linavyomgusa mkazi wa Magogoni, huku Kisauni, ambaye pengine hajapata kulisikia.

Kanuni zilizotungwa mwaka 2014 zinamtaka kila wakili ajipatie angalau alama tano kwa mwaka. Asiyezitimiza hujitia katika hatari ya kukosa cheti cha mwaka unaofuata. Mwenye kusimamia hesabu hiyo ni Chama cha Wanasheria cha Kenya, maarufu kama LSK. Njia iliyozoeleka ni kuhudhuria semina. Kila semina hutangazwa pamoja na idadi ya alama zake. Wakili hujiandikisha, hulipa ada, huhudhuria, na mahudhurio yake huingizwa katika kumbukumbu za Chama. Mbali na semina za Chama chenyewe, zipo za taasisi nyingine zilizoidhinishwa nacho. Lipo pia kongamano la kila mwaka, ambalo kwa miaka mingi limefanyika Diani, Kwale, mwendo wa kuvuka feri ya Likoni tu kwa wakili wa Mombasa. Tangu janga la korona la mwaka 2020, mafunzo mengi hupatikana kwa njia ya mtandao, jambo lililowapunguzia nauli mawakili wachanga, ingawa ada zenyewe bado huwalemea. Hata hivyo, hakuna kanuni iwezayo kumzuia mtu kuketi ukumbini ilhali akili yake iko ufuoni.

Je, mambo haya yanamhusu nini mtu wa Magogoni? Tuangalie suala la ardhi, ambalo katika Mombasa bara halipoi. Wakili aliyehitimu mwaka 1995 alisomeshwa sheria za ardhi ambazo nyingi leo hazipo. Mwaka 2012 Sheria ya Usajili wa Ardhi ilifuta kwa mkupuo mmoja sheria kongwe kadhaa, mojawapo ikiwa Sheria ya Hatimiliki za Ardhi iliyotumika hapa Pwani tangu enzi za ukoloni, na nyingine ile ya Uhamisho wa Mali iliyotoka India, ya mwaka 1882. Kabla ya hapo, mwaka 2011, ilikwisha kuundwa mahakama maalumu ya mazingira na ardhi. Mwaka 2016 yakaja marekebisho mengine yaliyoweka utaratibu wa kuwaondoa watu wanaodaiwa kukalia ardhi isivyo halali.

Marekebisho haya ya 2016 yanastahili kutazamwa kwa makini. Mwenye ardhi ya kibinafsi hawezi tena kuamka asubuhi akaleta tingatinga. Sharti atoe ilani ya maandishi, isiyopungua miezi mitatu kabla ya siku ya kuhamisha watu. Ikiwa wakaaji ni kundi kubwa, ilani hiyo itangazwe katika magazeti yasiyopungua mawili yanayosomwa nchi nzima, na ibandikwe mahali pasipopungua patano katika ardhi hiyo. Nakala apelekewe naibu kamishna wa kaunti pamoja na mkuu wa polisi wa eneo. Aliyepewa ilani naye ana haki ya kwenda mahakamani kuipinga. Sasa tuseme jamaa wa Magogoni wameletewa barua ya kuwapa siku saba. Wakili aliyehudhuria mafunzo ya ardhi ataliona kosa lake papo hapo; asiyehudhuria huenda akawashauri wafunge virago.

Aidha, sheria hiyo inataka ilani iandikwe kwa lugha ya taifa na rasmi. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inatamka kuwa lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Ni Kiswahili pekee, basi, kinachobeba sifa zote mbili, na hoja ya kwamba ilani ya Kiingereza kitupu ina upungufu ni hoja yenye mashiko. Vilevile, mahakama za chini, kama ile ya Shanzu, zinaruhusiwa kisheria kuendesha kesi kwa Kiswahili au Kiingereza. Pamoja na hayo, mafunzo mengi ya mawakili huendeshwa kwa Kiingereza. Kwa maoni yetu, semina ya uandishi wa ilani na viapo kwa Kiswahili ingestahili alama kama nyingine yoyote, na wanafunzi wa idara zetu wangeweza kusaidia kuiandaa.

Mteja atakaye kujua kama wakili wake ana cheti cha mwaka huu anaweza kulitafuta jina lake katika tovuti ya LSK. Huko ataonyeshwa kama wakili huyo ameruhusiwa kufanya kazi. Hataonyeshwa alama zake tano alizipata katika somo gani. Hilo itambidi amuulize mwenyewe.