Kuganda kwa Kompyuta Iliyofungwa
Kufunga kompyuta si kuizima, wala si kuilaza. Katika ofisi ya Kasongo au Kabambare, kusini mwa Maniema, inayotegemea jenereta au umeme wa jua, kompyuta iliyofungwa kwa neno la siri huachwa ilale ili kubana matumizi ya umeme. Ikiganda, aghalabu kasoro si ya kufuli bali ya usingizi: programu inayoendesha skrini haikuzinduka. Kabla ya kuizima kwa nguvu na kupoteza maandishi yasiyohifadhiwa, kitufe cha Caps Lock kibonyezwe. Taa yake ikibadilika, mashine ingali hai; katika Windows 10 na 11, vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B vikibonyezwa pamoja huweza kurudisha picha. Isipobadilika, huenda ikalazimu kuizima kwa nguvu. Kinga ni kuihuisha programu hiyo, na kuhifadhi kazi kabla ya kufunga.