Kiroba Kirudi Madibira

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Zanzibar mwaka 2006, na Bara tarehe 1 Juni, 2019. Visiwa vilitangulia, twakiri bila kinyongo. Kanuni za Bara ziliviacha vifungashio vya kilimo, na ilikuwa haki, kwani mpunga haubebwi kwa viganja.

Hapa Madibira, wilayani Mbarali, mpunga hutiwa katika viroba vya salfeti. Kiroba kikikung'utwa, kikashonwa kinapotatuka na kuwekwa mbali na jua linalokatakata nyuzi zake, hufaa tena. Kikitupwa mferejini huziba maji ya jirani. Tena maji ya Ndembera hushuka Ihefu, yakaingia Ruaha Mkuu na hatimaye Rufiji, ambao mdomo wake unatazamana na Mafia. Ndugu zetu wa visiwani, jambo hili ni lenu pia.

Tunawaomba maofisa wa wilaya na viongozi wa ushirika waweke amana ndogo kwa kila kiroba, kama ilivyozoeleka kwa chupa za soda: anayekirudisha alipwe. Vilivyochakaa vikusanywe ghalani peke yake, visichanganywe na chupa za dawa za magugu, maana plastiki zilizochanganywa hazirejelezeki vizuri. Kazi hiyo, kwa maoni yetu, ianzie kwa wenye vinu. Mlangoni pao ndipo viroba vinapofunguliwa.