Injini Inapojaa na Kupwa: Uchunguzi wa Gari Kuukuu Lenye Turbo

Barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma huvuka Mto Wami na kupita Dakawa, penye mashamba ya mpunga. Si ajabu kuona gari kuukuu limeegeshwa kando ya barabara hiyo, boneti imefunuliwa, na dereva ametega sikio. Hakuna aliyegusa kikanyagio cha mafuta, lakini mwendo wa injini wapanda, washuka, kisha wapanda tena, kama bahari inavyojaa na kupwa. Kasoro hiyo si ya kupuuzwa. Gari likipungukiwa nguvu ghafla wakati linalipita lori, maisha ya watu huwa hatarini.

Kazi ya turbo

Injini huunguza mafuta kwa oksijeni iliyomo hewani. Ikipata hewa nyingi zaidi, huweza kuunguza mafuta mengi zaidi na kutoa nguvu kubwa zaidi. Mwaka 1905 mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipewa hataza ya wazo la kuutumia moshi wa injini kwa kazi hiyo. Moshi huzungusha gurudumu lenye mapanga. Mhimili wake huzungusha gurudumu la pili, nalo husukuma hewa kwenye silinda. Mhimili huo waweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Faida yake huonekana hasa nyanda za juu. Dodoma, iliyo kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takriban sehemu moja ya nane ikilinganishwa na ile ya pwani.

Kanieneo ikizidi kipimo, injini huharibika. Kwa hiyo turbo huwa na mlango mdogo wa kuupitisha moshi pembeni. Mlango huo hufunguliwa na kanieneo ile ile, iletwayo kwa mpira mwembamba hadi kwenye kiwambo.

Mfano wa jaruba

Sababu ya kupanda na kushuka yaweza kueleweka jarubani. Mkulima hufungua lango la mfereji, lakini maji huchelewa kufika. Akidhani hayatoshi, huongeza. Baadaye maji yote hufika kwa pamoja na kufurika. Naye hulifunga lango kabisa, na jaruba hukauka. Kosa halikuwa uvivu, bali habari iliyochelewa na marekebisho yaliyopita kiasi. James Watt alipoweka kidhibiti mwendo kwenye injini ya mvuke mwaka 1788, tabia kama hiyo ilikuja kuonekana katika mitambo ya aina hiyo. James Clerk Maxwell aliieleza kwa hisabati mwaka 1868.

Kutafuta chanzo

Swali la kwanza la fundi ni hili: kasoro hutokea wakati gani? Tuchukue gari la petroli lenye kompyuta ya kupimia mafuta, kama vile Subaru Forester za mwanzo zenye turbo.

Kama injini hupanda na kushuka gari likiwa limesimama, turbo si ya kushukiwa kwanza, kwa kuwa wakati huo haisukumi hewa ya kutosha. Yafaa kutazama mipira ya hewa iliyo baada ya kipima hewa. Mpira uliopasuka huingiza hewa isiyopimwa. Mafuta huwa machache mno kwa hewa hiyo, nayo kompyuta hurekebisha huku na huku kama yule mkulima.

Kama kasoro huja gari likiwa na mzigo au likipanda mlima tu, mlango wa moshi hushukiwa. Mpira wake mwembamba ukipasuka, mlango haufunguki. Kanieneo huzidi, kompyuta hukata mafuta ili kuiokoa injini, kanieneo hushuka, mafuta hurudi, na mzunguko huanza upya. Vilevile chujio la mafuta lililoziba, au pampu iliyochoka, huweza kuinyima injini mafuta pale inapoyahitaji sana.

Ili kupata ufa, injini huzimwa na kuachwa ipoe. Njia ya hewa huzibwa, hewa ya kanieneo ndogo hujazwa ndani, na maji ya sabuni hupakwa juu ya mipira. Povu huonyesha mahali hewa inapotoka. Kamwe petroli isinyunyizwe kutafuta ufa, kwani yaweza kuwaka.

Wenye magari wengi huwahi kununua turbo nyingine. Lakini turbo iliyochakaa kwa kawaida hutoa moshi wa buluu, hulia, au hupoteza nguvu moja kwa moja. Ni nadra kupandisha na kushusha mwendo kwa mpigo. Afadhali kuanza na kipande cha mpira kabla ya kifaa cha bei kubwa.

Wanafunzi na waangalie utaratibu huu: kuuliza kasoro hutokea lini, kukisia chanzo, kupima kimoja kimoja, ndipo kubadilisha. Fundi afanyaye hivyo chini ya mwembe anafanya sayansi ile ile ifanywayo maabara.